Saa ya Maji: Kuvuka, Kuzuru na Kula katika Visiwa vya Lamu

Visiwa vya Lamu viko katika pwani ya kaskazini ya Kenya, si mbali na mpaka wa Somalia, na vikubwa kati yake ni vitatu, yaani Lamu, Manda na Pate, huku vingine vidogo kama Ndau na Kiwayu vikijipanga kuelekea kaskazini-mashariki. Anayevitazama kwenye ramani huona kwamba vimekaribiana mno, na pengine ndiyo maana vitabu vingi vya kuongoza wageni huvitaja vivutio vyake kimoja baada ya kingine, kama vile mtu angeweza kuanza na ngome asubuhi, akapita magofu mchana na kumalizia ufukweni jioni kwa mpango wowote aupendao. Mpango huo hauwezekani, kwa sababu katika visiwa hivi anayeamua nini kizuriwe lini, na nini kiliwe wapi, ni bahari yenyewe inavyojaa na kupwa, na mgeni asiyeijua saa ya maji huishia kuuona mji mmoja tu na sehemu ndogo ya vyakula vyake. Sura hii inavieleza vivuko, mahali pa kuzuru na mahali pa kula kwa pamoja, kwa kuwa wenyeji wenyewe hawajapata kuvitenganisha.

Maji ya pwani hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku hujaa yakiwa yamechelewa kwa kiasi cha dakika hamsini kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, ambapo tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa hukaribia mita tatu au kuzidi. Katikati ya nyakati hizo mbili huja maji mafu, ambayo hupanda kidogo na kushuka kidogo. Katika ukanda huu wa Afrika Mashariki, maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi, alasiri na tena kabla ya alfajiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, na kwa hiyo mtu anayeijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu anaweza kukadiria hali ya bahari bila kutazama jedwali lolote. Hesabu hii ndiyo wanayoitumia manahodha wanapomwambia abiria kwamba safari ni baada ya sala ya adhuhuri leo, na kwamba keshokutwa itasogea karibu na alasiri. Mgeni aliyezoea ratiba iliyobandikwa ukutani hudhani kwamba anababaishwa, ilhali amepewa jibu lililo sahihi kabisa.

Njia ya kawaida ya kufika Lamu kwa nchi kavu hupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, ambapo barabara inakwisha na bahari inaanza. Wanaokuja kwa ndege nao hawaepuki maji, kwa sababu uwanja wa ndege uko kisiwani Manda, ng'ambo ya mlangobahari unaoutazama mji wa Lamu, na abiria hutembea na mizigo yake hadi kwenye gati. Kivuko cha Lamu si feri kubwa ya kubeba magari kama ile ya Likoni mjini Mombasa. Ni boti za abiria, nyingine za mbao zenye injini ndogo ambazo hutumia kama nusu saa kutoka Mokowe, na nyingine za faiba zenye kasi ambazo huvuka kwa dakika chache na kutoza nauli kubwa zaidi. Katika boti ya mbao abiria huketi ubavuni wakitazamana, na katikati hupangwa magunia ya unga, kreti za soda, magodoro, kuku ndani ya matenga na wakati mwingine pikipiki iliyofungwa kamba. Maji yakiwa yamepwa, boti hukaa chini sana ya ukingo wa gati, hivyo wazee na akina mama wenye watoto hushuka ngazi zenye utelezi wa mwani wakishikwa mkono na mabaharia. Yakiwa yamejaa, abiria yuleyule huingia botini kwa hatua moja. Ni jambo dogo, lakini ndilo linalowafanya watu wengi wa Lamu wapange hata safari ya hospitali kwa kufuata maji.

Jambo la usalama katika vivuko hivi linastahili kutiliwa mkazo. Kila abiria ana haki ya kupewa jaketi la kujiokoa, na nahodha hapaswi kupakia zaidi ya idadi ya watu iliyoruhusiwa kwa chombo chake. Hata hivyo, hasa jioni watu wanapokimbilia chombo cha mwisho, idadi hiyo husahaulika, na katika visiwa hivi zimewahi kutokea ajali zilizoua watu ambazo zingeweza kuzuilika. Mgeni asione haya kuomba jaketi hata kama abiria wengine hawajavaa, wala asikubali kuingia chombo ambacho ukingo wake umekaribia kulingana na maji. Anapofanya hivyo humsaidia pia nahodha mwangalifu, ambaye kila siku hushindana na yule anayepakia kupita kiasi ili apate nauli zaidi.

Mji wa Lamu umekwishaandikwa sana, hivyo hapa unaweza kupitiwa kwa haraka kidogo. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, kwa kuwa ni mji wa Waswahili uliokaliwa mfululizo kwa muda mrefu na kuhifadhi umbo lake kuliko miji mingine ya pwani hii. Nyumba zake za mawe zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko, jambo lililofanya vyumba viwe virefu na vyembamba kwa kuwa upana wake hauwezi kuzidi urefu wa boriti. Ndani ya nyumba za mabwanyenye wa zamani kuna zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani kwa mpangilio wa kupendeza, na mfano mzuri wa nyumba ya namna hiyo umehifadhiwa kama makumbusho ya nyumba ya Kiswahili. Makumbusho makubwa yaliyo kando ya bahari huonyesha vyombo vya baharini, vyombo vya harusi na siwa, yaani baragumu kubwa za fahari zilizopigwa katika sherehe za wakubwa. Jengo dogo la posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi kuanzia mwaka 1888 hadi 1891, hukumbusha kipindi kifupi ambacho Ujerumani ilikuwa na maslahi yake Witu. Vichochoro vya mji havipitishi gari, hivyo mizigo hubebwa na punda na mikokoteni ya mkono, na mgeni hujifunza upesi kukaa pembeni kila asikiapo sauti ya mtu akiomba njia nyuma yake.

Ngome ya Lamu, iliyoko kwenye uwanja wa Mkunguni, inahitaji maelezo zaidi kwa sababu historia yake inafungamana na mada ya sura hii. Mwanzoni mwa karne ya 19, jeshi la Mazrui wa Mombasa likishirikiana na watu wa Pate lilivamia kisiwa cha Lamu na kushuka Shela. Mapokeo ya wenyeji husimulia kwamba wavamizi waliposhindwa na kukimbilia vyombo vyao walivikuta vimekwama mchangani, kwani maji yalikuwa yamepwa, na wengi waliuawa palepale ufukweni. Baada ya ushindi huo watu wa Lamu, wakihofia kisasi, waliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Omani, na ngome ambayo ujenzi wake ulikuwa umeanzishwa ilikamilika mwaka 1821. Mamlaka ya Omani juu ya pwani ya kaskazini yaliota mizizi kuanzia hapo. Baadaye, kuanzia mwaka 1910 hadi 1984, jengo hilo lilitumiwa kama gereza, na sasa lina maktaba, maonyesho na ukumbi wa mikutano. Anayepanda juu ya kuta zake huuona uwanja wote pamoja na soko lililo ubavuni, na ni vyema apande baada ya alasiri, jua linapokuwa limepoa na watu wamerejea barazani.

Shela yenyewe iko upande wa kusini wa kisiwa hichohicho, na mtu anaweza kwenda kwa miguu kwa muda usiofika saa moja au kwa boti kwa dakika chache. Hapa pia maji huamua, kwa kuwa wakati wa bamvua njia ya ufukweni hufunikwa na anayetembea hulazimika kukunja suruali au kungoja. Msikiti wake wa Ijumaa wenye mnara wa duara mwembamba ulijengwa mwaka 1829, na nyumba nyingi za kijiji hicho zimenunuliwa na kukarabatiwa na wageni kutoka Ulaya, kiasi kwamba baadhi ya familia za asili zimehamia pembezoni. Ufukwe wa mchanga unaoanza Shela huendelea kwa takriban kilomita 12 bila jengo kubwa, na nyuma yake yameinuka matuta ya mchanga ambayo watalii hupenda kuyapanda ili kutazama machweo. Pengine wengi wao hawaambiwi kwamba mji wa Lamu hunywa maji kutoka chini ya matuta hayo. Mvua inayonyesha juu yake huchujwa na mchanga na kukusanyika ardhini kama maji matamu yanayoelea juu ya maji ya chumvi, na visima vilivyochimbwa hapo ndivyo vinavyolisha mabomba ya mji. Kila nyumba inayojengwa juu ya matuta, na kila kisima cha hoteli kinachovuta maji kupita kiasi, huikaribisha chumvi ndani ya maji hayo, na kwa sababu hiyo ulinzi wa matuta ya Shela ni wa lazima kuliko ulinzi wa jengo lolote la kale kisiwani humo.

Ushahidi wa yanayoweza kuupata mji unaoishiwa maji matamu uko ng'ambo, katika magofu ya Takwa kisiwani Manda. Takwa ulikuwa mji wa Waswahili uliostawi katika karne ya 16 na ya 17, ukiwa umezungushiwa ukuta, ukiwa na nyumba za mawe zaidi ya mia moja na msikiti wa Ijumaa ambao juu ya kibla chake imesimama nguzo moja ndefu isiyo ya kawaida. Nje ya ukuta kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, sawa na 1682 au 1683. Haukupita muda mrefu baada ya hapo mji ukahamwa, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kuingia kwa chumvi katika visima vyake. Inasimuliwa kwamba waliohama walivuka mlangobahari na kuanzisha makazi Shela, na watu wa Shela wameendelea kwenda Takwa kuzuru kaburi hilo na kuomba mvua.

Njia ya kwenda Takwa ndiyo fundisho bora kabisa la saa ya maji. Chombo huondoka Lamu, huvuka mlangobahari, kisha huingia katika hori, yaani mkono mwembamba wa bahari, unaopenya kati ya mikoko hadi karibu na magofu. Maji yakiwa yamejaa, matawi ya mikoko hugusa maji pande zote mbili na mashua huteleza bila taabu. Saa chache baadaye hori lilelile huwa tope jeusi lenye kaa wanaokimbilia mashimo yao na mizizi iliyosimama wazi. Nahodha anayejua kazi yake huchagua siku ambazo maji hujaa asubuhi, kwa mfano siku ya nne hadi ya sita baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, ambapo kilele huwa kati ya saa moja na nusu na saa tatu, ili wageni waingie na maji, watembee magofuni kabla ya jua kali na watoke kabla hori halijakauka. Anayechelewa kwa kupiga picha za mibuyu hujikuta akisubiri hadi jioni bila chakula, na kosa hilo si la nahodha. Wapo pia wanaotumia njia ya ufukweni upande wa bahari kuu, lakini kushuka hapo kunawezekana tu bahari inapokuwa tulivu.

Kisiwa cha Manda kina masalia ya kale kuliko Takwa. Upande wake wa kaskazini kulikuwa na mji wa Manda, ambao uchimbaji wa mwanaakiolojia Neville Chittick ulionyesha kuwa ulikuwa ukifanya biashara na Ghuba ya Uajemi tangu karne ya 9, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba watafiti wamepata kisiwani humo sarafu ya Kichina ya zama za mfalme Yongle, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Magofu haya hayajatayarishwa kwa wageni kama yale ya Takwa, na asiye na hamu ya pekee ya akiolojia anaweza kuyaacha.

Chakula cha Lamu nacho hakielezeki kwa orodha ya mikahawa. Mikahawa ipo, hasa kwenye barabara ya ufukweni mjini na kule Shela, ambako hoteli ya Peponi imekuwa ikipokea wageni tangu mwaka 1967; mingi huandaa samaki wa kuchoma, kamba, kaa na sharubati za maembe, ndimu na ukwaju kwa ladha ya kuridhisha. Lakini upishi ulio bora hupatikana ndani ya nyumba, na kwa kuwa mpishi wa nyumbani hununua samaki pale vyombo vinaporudi, anayetaka kula vizuri hana budi kuagiza mapema, ikiwezekana tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, na akubali kula samaki waliopatikana badala ya samaki aliowataja. Nyumba nyingi za wageni katika Mji Mkongwe zina mpishi wa namna hiyo, na baadhi ya akina mama hupokea wageni wa chakula majumbani mwao kwa makubaliano. Mgeni aliye na mlo mmoja tu wa jioni kisiwani afadhali autumie huko.

Samaki wa kupaka anafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake zimo hatua zinazomtofautisha mpishi na mpishi. Samaki, aghalabu changu au tewa, hupasuliwa mgongoni na kufunguliwa, hukwaruzwa magamba, kisha husuguliwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili na kuachwa kwa muda. Nazi hukunwa kwa mbuzi na kukamuliwa, na tui zito la kwanza, liitwalo kasimile, hutengwa na tui jepesi linalofuata. Kasimile hupikwa taratibu pamoja na manjano, viungo na maji ya ukwaju, likikorogwa bila kuachwa lisije likakatika, mpaka liwe zito kiasi cha kushika mwiko. Samaki huchomwa juu ya makaa yasiyo na moto mkali, na rojo lile hupakwa upande mmoja, likishikana hugeuzwa na kupakwa upande wa pili, mara kadhaa, hadi ngozi ijengeke tabaka la rangi ya dhahabu lililoungua kidogo kwenye kingo. Mpishi mwenye haraka humwagia rojo lote juu ya samaki aliyekwisha kuiva, na tofauti huonekana tangu tonge la kwanza. Huliwa kwa wali wa nazi, au kwa mkate wa mofa, yaani mkate wa duara wa unga wa mtama au wa mahindi unaookwa katika jiko la udongo, ambao ni chakula cha kale cha pwani ya kaskazini na ambao haupatikani kwa urahisi katika mikahawa ya watalii.

Vyakula vya barabarani vina saa zake pia. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, pamoja na chai ya maziwa yenye iliki, na ifikapo saa tatu wauzaji wengi wamekwisha kufunga. Alasiri huanza kukaangwa bajia, viazi karai, sambusa na kaimati, na baada ya magharibi mishikaki huchomwa karibu na uwanja wa ngome, huku wauza kahawa wakimimina kahawa chungu yenye tangawizi kutoka kwenye dele la shaba hadi vikombe vidogo, nayo huteremshwa kwa kipande cha halua au kashata. Katika mwezi wa Ramadhani mpangilio huu wote hugeuka: mchana mikahawa mingi hufungwa na mgeni asiyefunga anapaswa kula faraghani, lakini jioni mji hujaa vyakula ambavyo havionekani miezi mingine, na hakuna wakati bora wa kuonja vitamutamu vya Lamu kuliko saa moja kabla ya futari.

Bei na aina ya samaki huenda na pepo. Kaskazi, upepo unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, huleta bahari iliyotulia, na wavuvi hufika mbali. Kusi, inayoshika kuanzia Aprili na kuwa kali katika Juni na Julai, huwafungia wengi ndani ya miamba, na samaki huadimika. Kambakoche wanaopamba meza za Shela hutoka zaidi maeneo ya Kizingitini na Kiunga, ambako Wabajuni huzamia na kuwatoa katika mapango ya miamba, na mlaji anayelipa fedha nyingi kwa sahani moja angefaa kufahamu kwamba mzamiaji hupata sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Isitoshe, wavuvi hawa wamepoteza baadhi ya maeneo yao. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, imejengwa upande wa bara katika Ghuba ya Manda, na uchimbaji wa mkondo wa meli ulivuruga maeneo ya uvuvi ya karibu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Fedha, hata zikilipwa zote, hazirudishi matumbawe. Kwa hiyo kila serikali inapozungumzia utalii wa Lamu na bandari ya Lamu kama mambo mawili yanayosaidiana, inapaswa kuulizwa samaki wa mikahawa hiyo watatoka wapi.

Kisiwa cha Pate ndicho kikubwa kuliko vyote na ndicho kinachotembelewa kidogo, na sababu kubwa ni safari yake. Boti za abiria huondoka Lamu kwenda Mtangawanda, Faza na Kizingitini, na kwa vizazi vingi zimepita Mkanda, yaani mkondo mwembamba wa mikoko unaotenganisha Manda na bara, ambao ulihitaji maji yaliyojaa. Njia nyingine ni kuzunguka Manda kwa nje, kwenye mawimbi ya bahari kuu, jambo ambalo wakati wa kusi hufanywa na wenye shida ya lazima tu. Safari huchukua saa mbili au zaidi, na kwa kuwa boti hufuata maji na mahitaji ya abiria wenyeji wanaokwenda sokoni, hospitalini na ofisini Lamu, mgeni hawezi kuzuru Pate na kurudi siku ileile kwa nauli ya kawaida. Inambidi alale. Pia inampasa, kabla ya kuondoka, kuuliza hali ya usalama kwa wenyeji na kwa maafisa wa kaunti, kwani tangu matukio ya utekaji wa mwaka 2011 na mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014, eneo la karibu na mpaka limekuwa na vipindi vya amri za kutotoka usiku na marufuku ya safari, hasa kuelekea Kiwayu na Kiunga.

Anayelala Pate hulipwa kwa historia. Mji wa Pate wenyewe, uliokuwa kiti cha masultani wa Nabahani, sasa ni kijiji kilichozungukwa na kuta zilizobomoka, na kati ya kuta hizo wakazi wamelima tumbaku, hivyo mgeni hupita katikati ya mashamba ili kuona mihirabu na zidaka zilizobaki. Siyu, ambao zamani ulisifika kwa wanazuoni, wanakili wa vitabu, mafundi wa ngozi na wachonga mbao, una ngome ya karne ya 19 iliyo ukingoni mwa hori. Mji huo uliyashinda majeshi ya Seyyid Said katika miaka ya 1840, na haukutiishwa hadi mwaka 1863, chini ya Sultani Majid. Hori la Siyu nalo hukauka, na chombo kinachofika hapo maji yakipwa hulazimika kusimama mbali na kuwaacha abiria watembee kwenye tope.

Kutoka Siyu mtu hutembea kama saa moja hadi Shanga, na kwa mwenye kupenda historia ya Waswahili hakuna mahali katika visiwa hivi panapozidi hapo. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga katika miaka ya 1980, na chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti ya awali, mmoja juu ya mwingine, hadi kufikia ule wa mbao wa karne ya 8, ushahidi kwamba Uislamu ulikuwepo pwani hii mapema na kwamba mji ulikua kutoka kwa wakazi wa hapahapa badala ya kuletwa mzima kutoka ng'ambo. Shanga ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15, na kilichobaki ni kuta, makaburi na nguzo zilizofunikwa na vichaka, bila mkahawa wala kibanda cha maji. Kwa hiyo mgeni hutoka Siyu na maji yake ya kunywa na kijana wa kumwonyesha njia, ambaye malipo yake hukubaliwa kabla ya kuondoka. Malazi katika Pate, Siyu na Faza ni vyumba katika nyumba za watu, na mlo ni ule anaoula mwenye nyumba: wali na mchuzi wa pweza au wa samaki, pojo za nazi, muhogo, chai. Fedha ya kitanda na chakula hicho humfikia mwenye nyumba mkononi, jambo lisilotokea kwa ziara nyingi zinazouzwa Nairobi, na mwenye nyumba ndiye pia atakayempigia nahodha simu usiku kujua boti ya kurudi Lamu itaondoka saa ngapi, kisha amwamshe mgeni wake kwa wakati.